Banda la Kahawa Halijazwi Mahindi

Zimeni redio, wanangu, mje mkae hapa karibu, na wewe Jofrey usisimame mlangoni kama mgeni, ingia. Kifua kimenibana na ninakokwenda nakujua, lakini akili ni nzima na ulimi bado ni wangu mimi Atuganile, kwa hiyo leo mtanisikiliza mpaka nimalize.

Mashamba hayana maneno marefu. Mibuni ya juu ni ya Jofrey, ya bondeni ni ya Osea, kama baba yenu alivyopima kwa hatua zake kabla hajafa, na asiyeridhika akamuulize huko aliko. Neno langu ni lile banda la kahawa. Nimesikia, Jofrey, umeshamwahidi mfanyabiashara wa Tunduma kwamba nikishafukiwa tu, aje alijaze mahindi. Thubutu! Matofali ya banda lile niliyafyatua kwa mikono hii nikiwa na mimba yako, na nampa binti yako Ruti, huyu hapa, yeye pamoja na vijana na wazee wanaokutana mle kila Jumamosi kucheza igizo.

Unasema igizo limekuaibisha. Acha hizo, baba. Ruti alipopata mimba akiwa kidato cha pili ulimfukuza, akaja kwangu na mvua ya Machi, begi la shule mgongoni, akabisha hodi, nami bibi yake nikamjibu mlango ukiwa umefungwa: "Nenda kwa aliyekupa hiyo mimba, hapa si kwake." Nikarudi kuota moto. Akakaa kwa majirani, akamzaa mwanawe Brayan huko huko, na mimi kila Jumapili nilikuwa kanisani benchi la mbele, naimba.

Ndipo Mwalimu Tumpale alipokuja kuniomba banda la kuchezea igizo. Utaratibu wake ni huu, watu wanabadilishana nafasi: mzee anavaa sweta ya shule, kijana anajifunga kitenge na kukaa kwenye kigoda, na aliyekaa kigodani hakatizwi. Tulicheka sana siku mzee Lusubilo alipokuwa mtoro, kaptula inamvuka! Zamu yangu ilipofika, Ruti akakaa kigodani, mimi nikatoka nje nibishe hodi. Akanijibu maneno yale yale, neno kwa neno, hata kikohozi changu akakitia. Jamani! Nimesimama nje ya banda langu mwenyewe, sweta inanibana, sina pa kwenda. Sikuwa naigiza tena. Nikaingia, nikapiga magoti kwenye maganda ya kahawa, kijiji kizima cha Hasamba kinatazama, nikasema, "Nisamehe mjukuu wangu, nilikufungia mlango." Akalia, nikalia, na jioni ile nikamchukua yeye na mtoto nikarudi nao nyumbani.

Watu walinisema. Mama mzima, miaka sabini na sita, anavaa nguo za shule na kumpigia mtoto magoti! Lakini vijana waliniambia, "Bibi, umetisha." Basi wanaonisema waseme mpaka wachoke, ningevaa tena kesho, na sketi juu. Ninachojutia ni ile mvua ya Machi, si kingine.

Osea, wewe ndiye shahidi. Karatasi ya banda iko kwa mwenyekiti wa kitongoji, nimeshaweka dole gumba, na atakayeleta fuso la mahindi pale, mzuie, hata kama ni kaka yako. Siku ya kumaliza matanga igizo lichezwe, na mtu asije kunizimia ngoma eti kwa heshima yangu.

Nipeni maji kidogo... Haya. Nawabariki wote. Nakubariki na wewe, Jofrey, kwa ukaidi wako, maana umeutoa kwangu. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na watoto wenu wasiogope kurudi nyumbani.

Lakini sijamaliza. Ruti, mama, vuta kigoda changu ukae. Jofrey, sweta ya binti yako ile pale kwenye msumari, ichukue utoke nayo nje. Miaka minne hujamtamkia mwanao hata neno, na mimi siondoki na hilo. Ruti, sikulazimishi kumfungulia, jibu unavyotaka, hakuna wa kukukatiza... Osea, funga mlango.

Pumzi... ngojeni. Jofrey. Uko hapo? Bisha hodi, baba. Bisha kwa nguvu... nisikie.