Mama Ndoo Anastaafu, Ndoo Inabaki

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wa Idara ya Utafiti wa Manunuzi ya Ujenzi na Usimamizi wa Hatari za Miradi anafunga mlango wa ofisi yake kwa mara ya mwisho. Jina la idara ni refu mno, hata fundi wa vibao aliligawa mistari mitatu na bado neno la mwisho likabanwa kwenye kona kama mtu aliyechelewa kupata kiti. Jina la mkuu mwenyewe ni fupi. Hapa kituoni tunamwita Mama Ndoo, naye anaitika.

Wageni huuliza hiyo ndoo imetoka wapi. Alipoajiriwa kama mtafiti msaidizi, binti mwembamba aliyetoka kumaliza shahada ya uhandisi, alipewa chumba cha mwisho ghorofa ya juu, chumba ambacho wenzake wote walikikimbia kwa sababu paa lake linavuja. Ndiyo, jamani, kituo cha utafiti wa ujenzi, na paa linavuja! Aliandika kuomba lizibwe. Ofisi ya majengo ikasema hilo ni la mkandarasi. Mkandarasi akasema kosa ni la mchoraji. Mchoraji akasema mwenye jengo ndiye aliyetaka paa la bei rahisi. Wakati wanatupiana mpira, maji yalikuwa yanadondoka katikati ya karatasi zake. Akanunua ndoo ya bluu, akaikinga hapo mezani, akaendelea na kazi.

Utafiti wake wote ulianzia hapo. Mtu mwingine angelalamika mpaka achoke. Yeye aliitazama ile ndoo akajiuliza inakuwaje watu watatu wenye mikataba mizuri, yenye mihuri na saini, wamwachie maji mtu wa nne ambaye hakusaini chochote. Swali hilo amelifuata miaka yote hii, kwenye madaraja, shule, mabwawa na masoko, na jibu lake leo linafundishwa vyuoni. Hatari ya mradi haiondoki kwa kuandikwa kwamba ni ya fulani. Ukimtwisha asiyeweza kuibeba ataiangusha, na itamwangukia aliye chini yake. Na mara nyingi mambo huwa yameharibika tangu kwenye zabuni, kabla hata jembe halijagusa ardhi.

Kwa hiyo popote alipokaa, aliuliza jambo lile lile huku akigonga meza kwa kalamu: na hii ndoo ni ya nani? Nimewaona wakurugenzi watu wazima wakitokwa na jasho jembamba kwa swali hilo. Nimemwona mwanasheria mmoja, bingwa wa kupiga chenga kwenye vifungu, akifunga faili lake polepole na kuomba mapumziko ya chai.

Chini ya meza yake kuna buti za mpira ambazo hazijawahi kuwa safi. Mwanafunzi yeyote aliyefika kwake akitaka kuandika tasnifu kuhusu ucheleweshaji wa miradi alipelekwa kwanza kiwanjani, akashushe mifuko ya saruji na vibarua mpaka mgongo umlalamikie. Baada ya hapo ndipo aliruhusiwa kuandika neno "ucheleweshaji". Tulimcheka mwanzoni. Siku hizi wanafunzi hao ndio wanaosimamia miradi mikubwa, na kila mmoja anasimulia mifuko yake kana kwamba ilikuwa nishani.

Jambo jingine alilotuachia ni tanzia. Hakuna mradi unaopita idarani kwetu bila kukaliwa kikao cha tanzia. Mkataba ukiwa bado haujasainiwa, anawakusanya wote wanaohusika, anafunga mlango, na kwa sauti ya msiba kabisa anatangaza kwamba jengo limefariki dunia. Halafu anazunguka meza, kila mtu aseme marehemu alikufa na nini. Waliozoea husema saruji ilichelewa, au mwenye mradi alibadilisha mchoro kila wiki. Wageni hutoa macho. Wako waliosema Mungu apishie mbali, naye huwajibu kwamba Mungu hana tatizo, tatizo ni sisi. Sheria ya kikao ni moja, na huisema kabla hajaketi: linalosemwa humu halitamwadhibu aliyelisema.

Mume wake, mwalimu wa hesabu, hutuambia kwamba nyumbani hali ni hiyo hiyo. Jiko la gesi halikununuliwa mpaka lilipofanyiwa tanzia. Harusi ya binti yao nayo ilifanyiwa, tena mbele ya wakwe, na shangazi wa bwana harusi nusura aondoke kwa hasira. Mtu gani huyu anayeizika harusi kabla bibi harusi hajavaa gauni? Siku yenyewe jenereta likazima wakati keki inakatwa. La pili likawaka kabla watu hawajamaliza kuguna, kwa sababu lilikuwa limekaa pale tangu asubuhi na fundi wake pembeni. Yule shangazi sasa hafanyi shughuli bila kumpigia simu kwanza.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu hulisema bila kucheka. Mvua ikinyesha usiku, mkewe halali. Huamka akasimama dirishani, akiwaza misingi iliyo wazi na watu waliolala karibu nayo.

Mimi nikiulizwa ni lini niliona ukubwa wa mwanamke huyu kwa macho yangu, nitataja kikao cha wodi ya watoto. Hospitali ilitaka wodi mpya ya ghorofa tatu. Zabuni ilikuwa imeshafunguliwa, na mshindi amepatikana kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote: mhandisi wa makamo mwenye kampuni ndogo aliyoianzisha na kaka zake. Mkataba ulimtwisha kila kitu, pamoja na chochote kitakachokutwa ardhini. Sisi tuliitwa kama watafiti tu, tuutazame mchakato, na Mama Ndoo akaomba tanzia moja kabla ya kusaini. Mwenyekiti wa bodi ya zabuni alikubali huku akitazama saa. Mimi nilikuwa nikiandika kumbukumbu za kikao.

Mzunguko ulikwenda vizuri, watu wanataniana, mpaka zamu ikamfikia mkandarasi. Akasema kwamba jengo lilikufa kwa kuzama upande mmoja, watoto wakiwa ndani, na kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori, na pale panapotakiwa kujengwa wodi palikuwa shimo la kuchimbia kokoto. Yeye na baba yake ni miongoni mwa waliolifukia kwa kifusi na takataka, lori baada ya lori. Wapima udongo hawakuliona shimo hilo. Gari lao la kuchimbia lilishindwa kupita kwenye majani na matope, wakatoboa kwenye kona mbili za kando ya barabara, wakaenda zao.

Na kwa nini hakusema wakati wa zabuni? Kwa sababu angeweka gharama ya msingi wa kwenda chini sana, na angeshindwa palepale na wasiojua kitu. Akapiga moyo konde, akategemea Mungu na malipo ya nyongeza ambayo wakandarasi huyaomba kazi ikishaanza.

Mwenyekiti akapandwa na hasira, na kusema kweli alikuwa na haki ya kupandwa. Akataka mkandarasi aondolewe na afungiwe asiombe kazi yoyote ya umma tena. Kwa kampuni ndogo kama ile, hicho ni kifo. Kaka zake waliokuwa wamekaa nyuma walishika tama.

Hapo Mama Ndoo akasimama. Hakupaza sauti. Alisema bwana huyu alikosea kwenye zabuni, na kosa lenyewe amelitaja hapa, mahali alipoahidiwa kwamba hatadhurika kwa kusema. Aliyemwahidi ni yeye, Mama Ndoo. Akifungiwa kwa maneno aliyoyatoa humu, basi kesho asubuhi kituo kitakuta barua yake ya kuacha kazi, maana atakuwa hana tena uso wa kumwomba mtu yeyote aseme ukweli. Watoto wake wote wakati huo walikuwa bado shuleni. Niliacha kuandika nikabaki namwangalia, na sikuwa peke yangu.

Mwenyekiti, mtu mkali lakini si mbaya, aliahirisha kikao. Wiki ile ilikuwa ndefu, jamani! Majani yakafyekwa, mashine ikapitishwa, ikatoboa katikati ya kiwanja, na kilichopanda pamoja na udongo ni vipande vya kandambili, chupa, vigae na mbao zilizooza. Kwenye mchoro, hapo ndipo palipopangiwa vitanda vya watoto wachanga. Mwenyekiti aliinama akaokota kipande cha kandambili, akakigeuza mkononi, na suala la kumfungia mtu halikutajwa tena.

Wengi wangeishia hapo, wakampa mkandarasi kazi yake kama pongezi. Mama Ndoo alikataa katakata. Alisema wazabuni wote wapewe matokeo yale yale ya udongo, hatari ya ardhi irudi kwa mwenye mradi, na zabuni ianze upya kwa haki. Ikaanza upya, na yule mkandarasi akashindwa. Mama alikwenda mwenyewe ofisini kwake kumweleza kabla hajaliona tangazo, akarudi macho mekundu, na hakutuambia walichozungumza. Yule bwana alinuna mwaka mzima, simu zetu hapokei. Nani angemlaumu?

Kisa hicho kilizaa kazi iliyomletea sifa kuliko zote. Alizunguka kwa wakandarasi, wakubwa kwa wadogo, akiwauliza wamewahi kuficha nini ili washinde. Walimwambia! Sijui mtu mwingine ambaye wangemwambia. Alichoonyesha ni kwamba tunavyonunua majengo ndivyo tunavyowafunza watu kunyamaza. Tukitazama bei tu, anayejua tatizo anashindwa na asiyejua, basi kesho yake anajifunza kujitia hamnazo. Kwa sababu ya kazi hiyo, leo mzabuni anapewa nafasi ya kutaja anachokiogopa, na hapunguziwi alama kwa kukitaja. Mkandarasi wetu alishinda kazi yake kubwa ya kwanza chini ya utaratibu huo. Alitupigia simu mwenyewe kutuambia, na tangu siku hiyo anajiita Bwana Kifusi bila kuombwa.

Wodi imesimama. Nilipita pale hivi karibuni nikitafuta ufa, tabia niliyoambukizwa na mama huyu, na sikuuona. Kwenye baraza palikuwa na nguo za watoto zimeanikwa.

Paa la chumba chake nalo lilizibwa mwezi uliopita, kama zawadi ya kumuaga. Tunaishukuru ofisi ya majengo kwa kasi hiyo ya ajabu.

Juma lililopita tulimwandalia kikao kidogo cha kumuaga idarani. Kumbe mwenzetu alikuwa na lake. Alifunga mlango, akatangaza kwamba idara imefariki dunia, mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, na akataka tuseme imekufa na nini. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa maneno matamu, tukababaika. Mhasibu akasema bajeti. Mtakwimu akasema majungu, tukavunjika mbavu kwa sababu sote tunajua. Ndipo Bwana Kifusi, aliyealikwa kama mgeni wake, akaomba nafasi. Alisema idara ilikufa siku mtu mwenye hofu kama aliyokuwa nayo yeye alipofungua mdomo akasema ukweli, akatazama meza nzima, na hapakuwa na mtu wa kusimama.

Mama Ndoo akauliza swali lake, kwamba ndoo hiyo ni ya nani. Nimelisikia swali hilo miaka nenda rudi, na siku zote aliliuliza jibu akiwa nalo. Safari hii hakuwa nalo. Kalamu aliishika bila kuigonga mezani, nikaelewa kwamba jambo hili limekuwa likimtafuna muda mrefu: kama tulimwelewa, au tulikuwa tunamsikiliza tu.

Wa kwanza kusimama alikuwa katibu muhtasi wetu, ambaye kwenye vikao hata kukohoa huomba radhi. Akafuata mtakwimu. Kisha nikajikuta na mimi nimesimama, sijui niliinuka saa ngapi. Mwishowe chumba chote kilikuwa wima, Bwana Kifusi kando ya mlango na kofia mkononi, na aliyebaki ameketi ni yeye peke yake, miwani ameivua, anajifuta macho kwa leso na kutukemea kwamba tunazuia hewa.

Mama, ahsante kwa maswali yaliyotutoa jasho, kwa buti zako chafu, kwa ahadi uliyoilinda siku ile ambayo wengi tungeinamisha vichwa. Wapo watoto waliolala salama na hawatajua kamwe ni nani wa kumshukuru, kwa hiyo tunakushukuru sisi kwa niaba yao. Nenda kapumzike na mwalimu wako, afya iwe nawe, wajukuu wakuchoshe vizuri. Na mvua ikinyesha usiku, usiamke, mama. Lala. Ndoo ina wenyewe.