Benchi la Kapsoya Laingia Kwenye Simu

Pale kona ya mtaa wa Kapsoya ambapo boda boda hugeuzia, kuna benchi la mbao mbele ya jiko la kahawa la Mama Wanja. Asubuhi hiyo Kavetsa, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa amekaa hapo kama mtu aliyefiwa. Muhula uliopita alinunua laptop kwa mtu asiyemjua, nyuma ya stendi. Kufungua begi hosteli, akakuta kipande cha tiles. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaanza kutengeneza app ya wanafunzi kuuziana vitu vya mitumba. Unajisajili na kitambulisho cha chuo, na pesa ya mnunuzi inashikwa mpaka akague kitu. Watu mia mbili walijiunga. Hakuna aliyenunua hata kijiko.

— Shida iko wapi, msichana wangu? aliuliza Mzee Nyongesa, karani mstaafu anayeitwa Hansard, kama kumbukumbu za bunge, kwa sababu hasahau neno.

— Wanaogopa kukutana na muuzaji, Mzee. Kila mahali ninapoweka pa kukutana, wanapakataa.

— Weka alama ya kidole, akasema Muchiri, fundi wa simu, jina lake la kijiweni Waya. Akidanganya, simu inampiga stima.

— Stima ni ghali, akajibu Hansard. Aapishwe na pasta. Samaki mmoja akioza, nunua omena.

— Hiyo methali haiendi hivyo.

— Inaenda ukiwa na njaa.

— Basi drone, Waya akasema. Imfuate mpaka Turbo, mpaka kwa nyanya yake.

Mama Wanja akaweka birika chini.

— Mnasumbua mtoto bure. Mwizi anaogopa macho ya watu wasio na kazi. Juzi jamaa alipita hapa na godoro, mkajua bei, duka, na bibi aliyemtoroka.

 Kavetsa alitoa simu. Miezi minne alitafuta dawa kwenye kompyuta za chuo, kumbe alikuwa ameikalia. Akaandika kwenye app: *Mahali pa kukutana: Benchi la Kahawa, Kapsoya. Mashahidi wapo.*

Kesho yake saa nne mwanafunzi mmoja, Kipkirui, alileta laptop ya kuuza, na mwenzake Ooko akaja kuinunua. Waya aliiwasha, akapima betri. Hansard alisoma namba iliyoandikwa chini ya laptop mara moja, ikamkaa kichwani. Ooko akabonyeza "nimekubali", na simu ya Kipkirui ikalia kwamba pesa imeingia. Kavetsa aligeuka upande, akapangusa macho.

Kufika Ijumaa, vitu kumi na kimoja vilikuwa vimepita hapo, hakuna aliyelia. Hansard alikuja amevaa tai.

— Sisi ni security ya kimataifa, alisema.

— Heshima haiji bila kahawa, akasema Waya, akanyoosha kikombe.

Ndipo akafika msichana mgeni, Ciru, kutoka Kiplombe.

— Shikamooni. Nataka kuleta meko yangu ya gesi kuuza kesho. Hapa mnafungua saa ngapi?

Hansard alimtazama Waya. Waya alimtazama Mama Wanja. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuwaona wakifunga.