Mama Wacera na Boila Iliyo Chini ya Bahari

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mbili kwenye boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda chetu cha chai hapa Mogogosiek, Mama Jecinta Wacera anastaafu.

Alikuja kutoka Kedowa kufagia. Siku hizo wanawake waliambiwa boila si kazi yao. Aliomba mara tatu akakataliwa. Mara ya nne alipewa sepetu ya kuchota majivu, na hajairudisha mpaka leo. Majani yetu ya chai hayajawahi kuharibika kwa kukosa moto wa kuyakausha akiwa zamuni.

Sasa ile habari ya bahari. Alisikia kwamba pwani kuna meli ya mvuke iliyozama zamani, na boila yake bado iko chini. Akasema lazima aione. Watoto wake walikataa. Masese wa ofisini alimwuliza mbele ya watu kama huko chini kuna kuni, naye akamjibu kwamba zikipungua atamtuma yeye. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini na saba.

Likizo ya mwaka jana alizama na mtungi wa hewa mgongoni. Kufika kwa mlango wa tanuri ya meli, akabana pumzi. Sisi wa boila tunamwelewa. Ukifungua mlango wa moto unabana pumzi, usimeze joto na moshi. Lakini mzamiaji akibana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka akipanda. Mwalimu wake wa kupiga mbizi, Akello, alimtoa polepole, kisha akamwambia arudi milimani akachume chai.

Hakubishana. Miezi minane alifungua tanuri yetu huku akipumua, akikohoa, machozi yakimtoka, na sisi tukimcheka. Aprili mwaka huu akamrudia Akello. Alishuka, akaingiza mkono ndani ya tanuri ile, akaiangalia bila haraka, mapovu yakipanda bila kukatika. Akello mwenyewe alitupigia simu kiwandani kusema yeye ndiye aliyekosea.

Wako wanaosema sasa akae nyumbani abebe wajukuu. Atawabeba. Lakini Agosti anarudi kutafuta boila ya pili, maana anasema meli kubwa hivyo haiwezi kuwa na moja tu.

Asante, Mama, kwa kutuingiza kwa boila sisi wanawake wenye watoto wadogo wakati wengine walituona mzigo. Uishi miaka mingi yenye afya na kicheko. Na wakikukataza, nenda tu.