Marieta Lohay na Benchi la Watoto

Shikamooni wazee wangu, poleni nyote mlioacha kazi zenu mkaja. Mimi ni Felician, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, Marieta Lohay.

Marieta alizaliwa Nambis tarehe 14 Machi 1974, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1989, kisha sekondari, kisha chuo cha uuguzi, na mwaka 1998 akaajiriwa hospitali ya wilaya, ambako alifanya kazi maisha yake yote. Tarehe 8 Julai 2000 alifunga ndoa na kaka yangu Tadei hapa Endagikot, wakajaliwa watoto wawili, Jenifa na Alex.

Alikuwa mbishi, tuliokaa naye tunajua. Mwaka 2021 alipewa kazi ya kupima kama hospitali imepunguza muda wa wagonjwa kusubiri, majibu yakaonyesha umepungua, wakubwa wakafurahi, soda zikaagizwa, lakini yeye akawahesabu watoto wadogo peke yao, akakuta wao wanasubiri zaidi kuliko zamani, kwa sababu foleni sasa ilikuwa moja kwa wote, na mama kijana akishamwamkia mzee kwenye foleni hawezi tena kumtangulia, anampisha huyo, anampisha na anayefuata, huku mtoto anawaka homa mgongoni. Marieta akakataa kusaini taarifa ile mpaka watoto wawekewe benchi lao, mbele ya wote, na likawekwa.

Baba yetu, Mzee Bura, alipokwenda kupima presha, mkwe wake akamwomba mbele za watu angoje watoto waishe, naye akarudi nyumbani kwa hasira, asiitikie tena shikamoo yake. Marieta akaendelea kumwamkia kila walipokutana, bila kujibiwa, na benchi hakuliondoa.

Mei 2023 aligundulika ana saratani, na kila siku ya kliniki alikataa kupitishwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye foleni nyuma ya benchi lile, na ni pale Baba alipomkuta siku moja, akaamkiwa, akaitikia marahaba mwanangu. Tulilia wote. Marieta alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, na ninyi majirani wa Endagikot kwa kuni, maji na kukesha nasi.

Sasa tunakwenda kumuaga, na kwa agizo lake mwenyewe, wazee wangu mniwie radhi, akina mama wenye watoto watangulie, wasimpishe mtu yeyote. Baba ameomba awe wa mwisho.

Pumzika kwa amani, shemeji, benchi lako haliondoki.