Kumuaga Ayperi, Binti wa Simu za Lifti

Mheshimiwa Daktari Labib, Mkuu wa Taasisi hii ya lugha. Ustadh Shukri na walimu wenzako. Ndugu wageni waalikwa, mlioacha viyoyozi vyenu nyumbani mkaja kutoka jasho pamoja nasi. Na ninyi wanafunzi wa kiangazi, mliokuja Kairo kusoma asubuhi na kufanya kazi mchana: amani iwe juu yenu nyote.

Mimi naitwa Insaf Dawud, na kampuni yangu inatengeneza lifti hapa mtaani Shubra. Kama umewahi kukwama kati ya ghorofa mbili, huenda tumeshaongea, na huenda ulinitukana. Nimekusamehe.

Nimeombwa nimzungumzie Ayperi, binti aliyetujia kutoka Kirgizistani. Masharti ya taasisi mnayajua: mwanafunzi asiyesifiwa na mwajiri wake hapati cheti, hata awe bingwa darasani. Na Ustadh Shukri alinipa bingwa. Binti alizungumza Kiarabu safi, chenye irabu zake zote, kile cha vitabuni na cha taarifa ya habari. Ustadh, nakuheshimu sana, lakini nani humu ndani alitumia Kiarabu hicho asubuhi ya leo kununua maharage?

Nilimweka kwenye simu za dharura. Mteja amebanwa gizani, anataka fundi, mara anasikia: "Ewe uliyekwama, nijulishe makao yako." Mmoja alikata simu akidhani ni malaika wa kaburini. Fundi wangu Galal, ambaye ulimi wake hauna breki, akawa kila akitoka ananiaga, "Ewe Madamu mtukufu, nakwenda vitani." Binti alicheka pamoja na mafundi, lakini siku moja nilimkuta jikoni amegeukia ukutani, anafuta macho. Nikamwambia kwamba kuanzia kesho namhamishia stoo. Huko hakuna wa kuongea naye, na mimi nisingekuwa na la kumsifia. Cheti kingekuwa kimekwenda, naye alilijua hilo.

Siku hiyo hiyo, alasiri, umeme ukakatika na simu ikalia; Ayperi akaipokea, spika ikiwa wazi. Alikuwa bibi harusi, jina lake Rihab. Alikwama akitoka saluni, peke yake na gauni lililojaza lifti nzima, na huko chini bwana harusi na wapiga ngoma wanamsubiri.

"Nitoeni jamani, sipumui."

"Ewe bibi harusi mtukufu," akajibu Ayperi, "usihuzunike. Mafundi wetu wamo njiani, nao waja upesi."

Bibi harusi akauliza: "We dada, umetoka kwenye tamthilia gani?"

Nilinyoosha mkono niichukue simu, nikasita. Yule aliyekuwa hapumui alikuwa anacheka.

"Usikate," Rihab alisema. "Ukinyamaza tu, naona kuta zinanisogelea. Sema chochote."

Aseme nini, na mafundi wamenasa kwenye foleni darajani? Ayperi akaanza kumsomea somo la sokoni, lote kutoka kichwani: "Ewe muuzaji, makomamanga haya yauzwa kwa thamani gani?"

"Ukisema hivyo atakuibia mpaka viatu. Sema: mzee, komamanga bei gani, na usinilalie."

"Mzee, komamanga bei gani, na usinilalie."

"Kaza sauti. Weka mkono kiunoni."

"Nimeuweka."

"Haya, na mimi nimeweka."

Ndugu zangu, mnawaona? Mmoja gizani na shela lake, mwingine mezani kwangu, wote mikono viunoni, wanagombana na muuzaji ambaye hayupo. Waliendelea hivyo mpaka Galal akaufungua mlango, na Rihab akamwambia, "Subiri kidogo, bado hajatupunguzia."

Stoo sikuitaja tena. Leo Ayperi anapokea simu kwa lugha ya Shubra, na juzi mteja mmoja aliyemletea ufedhuli alijibiwa jibu ambalo siwezi kulirudia mbele ya Daktari Labib. Ustadh Shukri, tumekuharibia kazi yako, utuwie radhi. Ila akimpata mtu mwenye hofu, anarudi kwenye Kiarabu chako, maana ameona kinawatuliza watu. Galal naye anakijaribu siku hizi. Anakosea irabu, na Ayperi anamsahihisha bila huruma.

Kwa hiyo, Daktari, nimemsifu kwa maandishi na sasa nimemsifu kwa mdomo. Cheti chake ni halali yake.

Ayperi mwanangu, kesho unapanda ndege, na yule uliyemshikilia kwa sauti yako alasiri nzima hujawahi kumwona. Geuka utazame mlangoni. Huyo anayehema, viatu mkononi, ndiye Rihab. Ukumbi huu uko ghorofa ya tano, na lifti yake nimeikagua mimi mwenyewe. Amekataa katakata kuipanda. Amekuja kwako kwa ngazi.

Nawashukuru waandaaji, nawashukuru walimu, nawashukuru nyote. Mimi nakaa chini, maana hawa wawili wana maongezi yao na nimewazibia njia. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa wasikilizeni wao.