Huseni Anastaafu, Feni Bado Zinapuliza Chini

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Bwana Huseni Amissi, fundi umeme wa kiwanda chetu cha kahawa, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1971. Mi Bahizire, wa mizani, nimeombwa niandike wasifu wa furaha. Nitajaribu, lakini furaha yenyewe siioni.

Huseni ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa hapa hapa Bujumbura. Alianza kwa kubeba magunia, akajifunza umeme kwa kumshikia ngazi fundi wa Kizungu, na yule aliporudi kwao, kazi ikabaki kwa Huseni. Amefufua mashine tulizokwisha kuzikatia tamaa, na kila mwaka amegeuza feni za ukumbi wa kuchambulia kahawa.

Asiyefanya kazi pale atauliza feni inageuzwa ya nini. Wakati wa mvua, joto la Bujumbura likituelemea, feni hupuliza chini ili jasho likauke. Kiangazi kikifika, kahawa mpya huja na maganda makavu, na feni ikipuliza chini, vumbi lote linawaingia mama wachambuaji machoni na kifuani. Basi Huseni hupanda, hubadilisha nyaya mbili, na feni huzunguka upande wa pili, ikivuta hewa juu polepole. Siku hiyo wachambuaji humletea chai ya maziwa na mandazi. Yeye hushuka nywele nyeupe kwa vumbi, nao humtania kwamba amezeeka akiwa juu ya ngazi.

Wakubwa wa zamani walikuwa na vituko. Mmoja aliamuru feni zivute juu mwezi wa Desemba, kwa sababu kwao Ulaya ni baridi. Huseni alitii, akazigeuza. Tulilowa jasho hadi Noeli, kisha mkubwa mwenyewe akaja, shati limemganda mgongoni, kuomba zirudishwe. Na mwaka wa Uhuru, mji mzima unacheza ngoma, Huseni alikuwa juu kule akigeuza feni, maana kahawa ilikuwa imeshaingia.

Zaidi ya wote alimgeuzia Pascaline, mchambuaji mwenye pumu. Kiangazi kimoja Huseni aliugua malaria, feni zikachelewa, na Pascaline akabebwa hadi hospitali midomo imebadilika rangi. Tangu hapo Huseni hakungoja amri. Akisikia kikohozi cha kwanza cha yule mama, anachukua ngazi.

Mwaka huu macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, amekatazwa kupanda. Asiye fundi naye haruhusiwi kugusa nyaya. Huseni aliomba apewe mtu amfundishe. Ofisi ikasema apana, nafasi yake imefutwa, feni zinazunguka, inatosha. Aliomba tena juma lililopita, jibu likawa lile lile. Nilimkuta ameketi kwenye magunia, analia waziwazi.

Kahawa mpya imeingia Jumatatu. Vumbi limejaa ukumbini.

Mzee Huseni, asante kwa hewa uliyotupa miaka yote hii. Nenda nyumbani ukapumzike, Mungu akuponye macho, ule uzee wako kwa amani pamoja na mkeo, Mama Mwanne.

Na tumuage pia Pascaline, aliyeacha kazi jana asubuhi. Ana watoto wanne, hana pensheni, na hakuna aliyemwandalia sherehe.