Robi Heche, Aliyepaliliwa Ulezi kwa Hadithi

Wafiwa na waombolezaji, kinachosomwa hapa hamtakiamini. Msomaji, Werema, ni mjomba wa marehemu, ndugu wa mama yake, na kutoka Sirari mpaka Machochwe anajulikana kwa kutia chumvi. Ni mwanaume wa darasa la nne, aliyeacha shule baada ya walimu kuishiwa cha kumfundisha. Lakini wasifu huu marehemu aliusikiliza mwenyewe akiwa hai, mstari kwa mstari, na chumvi aliitema. Kilichoongezwa baada yake ni tarehe ya mwisho, na majembe mnayoyaona hapo nyuma.

Robi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Matongo, mtoto wa tatu wa Mzee Heche Mwikwabe na mkewe, Mama Gati. Alikuwa mtoto msumbufu kumsimulia hadithi. Mjomba akianza kumpa habari za fisi aliyemkaba kwa mikono mitupu, katoto kanauliza, "Huyo fisi alikuwa mzima?" Hadithi inafia hapo.

Alisoma shule ya msingi hukohuko kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1988 na kufaulu kwenda sekondari. Desemba ile ngoma ya wasichana, ya kukeketwa, ikapita Matongo, naye akapitishwa kama wenzake. Januari, badala ya sare za sekondari, wakaja washenga. Baba yake alisema shule ni ya yule atakayebaki nyumbani, na huyu ameshakuwa wa watu.

Tarehe 7 Julai 1990 alifunga ndoa na Kornelio Nchagwa wa Gorong'a, mtu mpole, anayewaomba radhi hata ng'ombe wake kabla ya kuwachapa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lilian na Steven. Robi alipoanza kuandika, Kornelio alimwambia neno moja tu: "Andika, ila maziwa yasimwagike." Hayakumwagika.

Kwa kazi, marehemu alikuwa mkulima, mwalimu wa kisomo cha watu wazima kanisani, na mwandishi. Aliandika hadithi za wasichana wa mwaka ule wa ngoma, pamoja na yule aliyevuja damu hadi asubuhi hakuamka. Mchapishaji mmoja wa mjini alizisifu, kisha akamshauri: "Mama, tuweke jina la mumeo. Zitanunuliwa." Robi akamjibu, "Mume wangu hakulala kwenye kile kibanda cha ngoma. Nililala mimi." Akarudishiwa kazi yake. Alikaa nayo miaka, mpaka mwaka 2016 akina mama wa kanisa walipochanga, kikatoka kitabu, *Ngoma Ilipopita Kwetu*, jina la Robi Heche likiwa juu.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwaka uliofuata shemeji yake, Mzee Hezekia Nchagwa, aliitisha kikao cha ukoo. "Mura," alimwambia mdogo wake mbele ya wazee, "mkeo ametoa siri za ngoma. Ametuvua nguo. Mrudishe kwao, ng'ombe warudi."

Robi alikuwa amesimama nje ya ua, anasikia yote. Kisha mumewe akasema, "Kaka, wale ng'ombe walikufa kwa ndigana. Nimrudishe kwa ng'ombe gani?"

Wazee wengine walicheka. Hezekia hakucheka. Akakata shauri jingine: atakayekunywa pombe ya Robi kwenye risaga, naye atatengwa. Kwetu risaga ndiyo mikono ya mtu. Unapika pombe, majirani wanakuja na majembe, shamba linaisha. Ukikosa risaga, ulezi wako ni wa magugu, na wanao watakula maneno.

Robi alipika. Mitungi ikachacha, hakuna aliyekuja. Magugu yakaupita ulezi urefu. Alipalilia na Lilian mpaka migongo ikakataa kunyooka, na kila jioni shamba linaonekana kubwa kuliko asubuhi. Ndipo jirani yake, Mokami, akatokea na wanawake wenzake, majembe begani.

"Pombe yako hatunywi, tumekatazwa," Mokami alisema.

"Sasa mmefuata nini?"

"Masikio hayakutajwa kwenye kikao. Kaa hapo kwenye kichuguu, usome hicho kitabu. Ukinyamaza tu, tunaondoka."

Robi alisoma mpaka sauti ikakauka. Alipofika kwa yule msichana ambaye hakuamka, majembe yalisimama, na hakuna aliyemhimiza mwenzake alime. Baadaye wakaendelea. Shamba likaisha. Kuanzia msimu ule, Robi hakupika tena pombe ya kulimiwa.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Mwanza, kisha akauguzwa na Lilian, anayefundisha Machochwe. Mwezi uliopita Mzee Hezekia alituma ujumbe: neno "mwandishi" likisomwa kaburini, vijana wa ukoo wataweka masepetu chini. Mjomba ndiye aliyeufikisha, na siku hiyo hakuutia chumvi.

"Hilo neno liache lilipo," Robi alisema.

"Na wakiyaweka kweli, mwanangu? Ulale juu ya ardhi?"

"Mokami ana jembe."

Alifariki tarehe 9 Februari 2025 asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Kornelio.

Neno limeshasomwa, na linasomwa tena: Robi Heche alikuwa mwandishi. Mzee Hezekia, heshima yako ipo, lakini mjomba hanyamazishwi kwenye kaburi la mtoto wa dada yake. Vijana wameshika masepetu. Nyuma yao wamekaa Mokami na wenzake, majembe miguuni, na hawajaja kulima ulezi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, mjomba mmoja asiyebebeka, na kitabu cha pili ambacho Lilian anamalizia kukipiga chapa.

Basi lala, binti wa dada, upate ile amani uliyoikosa ukiwa umesimama nje ya ua. Lala, wewe ambaye kitabu chako kinasomwa Nairobi, kinasomwa Ulaya, kinasomwa mpaka kwa—

"Mpaka Sirari, mjomba," marehemu alimkatiza siku aliposomewa mstari huu. "Ishia Sirari."